Mtetemo wa breki ulionirudia hata baada ya kufunga diski mpya

Kila nilipokanyaga breki nikiwa kwenye mwendo wa 80 kwenda juu, usukani ulikuwa ukitetemeka mikononi. Chini ya 50 gari lilitulia kabisa. Fundi alilitazama, akasema diski za mbele (sahani za chuma zinazobanwa na pedi ukikanyaga breki) zimepinda, akafunga mpya na pedi zake. Nikashukuru. Kilomita kama 6,000 baadaye mtetemo ukarudi vilevile, siku nimepakia watoto nyuma. Kwa kweli niliogopa, na nikaapa kwamba safari hii sifungi kitu chochote kipya kabla sijajua chanzo.

Kwanza nilienda barabara iliyonyooka, isiyo na magari, nikakimbia 90 bila kugusa breki. Kimya. Kama shida ingekuwa balansi ya tairi, gari lingetetemeka hata bila breki. Nilipokanyaga breki taratibu, usukani ukaanza kucheza. Hiyo ni dalili ya breki za mbele. Za nyuma zikiharibika, mara nyingi mtu huusikia mtetemo kwenye kiti na kwenye pedali kuliko kwenye usukani.

Nikapiga jeki, nikaweka stendi (jeki peke yake usiiamini hata dakika moja), nikafungua tairi, halafu nikarudisha nati na washa ili diski ibanwe kama inavyobanwa na rimu. Nikaazima geji ya mshale yenye sumaku, kifaa kinachopima yumbo dogo sana, ncha yake nikaigusisha kwenye diski, milimita 10 hivi kutoka ukingoni, kisha nikaizungusha diski kwa mkono. Kushoto iliyumba milimita 0.03. Kulia 0.11! Kitabu cha gari langu kinaruhusu 0.05 tu.

Hapo wengi wangesema diski imepinda, basi. Mimi nilitia alama ya chaki kwenye diski na nyingine kwenye habu (kitovu cha gurudumu, diski hukaa juu yake), nikaichomoa diski, nikaigeuza nusu mzunguko na kupima tena. Kama diski ndiyo mbovu, sehemu iliyoinuka ingehama nayo. Haikuhama. Ilibaki palepale kwenye habu.

Nikaichomoa tena na kumulika tochi. Usoni mwa habu, kuzunguka stadi (bolti zinazoshika tairi), kutu ilikuwa imeganda kama magamba. Diski mpya ilikuwa imefungwa juu ya kutu ile! Gamba dogo karibu na kitovu huzidisha yumbo kadiri unavyokwenda ukingoni. Diski ikiyumba, kila mzunguko sehemu ileile inaigusa pedi hata usipokanyaga breki, inalika kidogo kidogo, mpaka unene wake unatofautiana. Ndiyo maana mtetemo haukuanza siku ile ile, ulisubiri maelfu ya kilomita. Nilipima unene kwa maikromita (kifaa cha kupima unene mdogo) sehemu nane na kukuta tofauti ya milimita 0.02. Ni ndogo kuliko unywele, lakini usukani unaijua.

Nilisugua habu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa, nikatumia muda mrefu zaidi kwenye mashina ya stadi ambako brashi haifiki vizuri. Nikatikisa beringi, haikuwa na mchezo. Kwenye kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, pini ya chini ilikuwa nzito kuteleza, nikaisafisha na kuipaka grisi maalumu ya breki, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Diski zilikuwa bado nene kuliko kipimo cha chini kilichogongwa juu yake, kwa hiyo nikazipeleka zote mbili kuchongwa ziwe sawa, nikanunua pedi mpya.

Baada ya kufunga, kulia ikasoma 0.03. Nati nilizikaza kwa kuvukana, si kwa kufuatana, nikamalizia na spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu. Kisha nikazizoesha pedi: kutoka 60 nikapunguza hadi 20, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, nikaendelea kuendesha polepole ili breki zipoe.

Sasa nimeshapita kilomita 15,000. Juzi nilifungua tairi la kulia nikaweka geji tena. Mshale ukasimama 0.03.