Nilivyojifunza sataranji nikiwa na miaka 44

Nimekulia Tanga, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa nimeshajua kukaa kimya pembeni ya bao. Babu yangu alicheza barazani kila siku baada ya alasiri, nami ndiye niliyekuwa naokota kete zikidondoka. Kwa hiyo binti yangu aliporudi likizo na ubao wa sataranji wa kukunja, akaniambia, "Baba, kaa nikufundishe," nilikaa nikiamini kwamba aliyezoea kete 64 hawezi kutishwa na miraba 64.

Mchezo wa kwanza uliisha kwenye hatua yake ya nne. Malkia wake alitua f7, mraba ambao mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake, na askofu alikuwa anamlinda malkia kwa mbali. Chekimeti: mfalme wangu amepigwa na hana pa kukimbilia. Nilimwomba arudie polepole mpaka nikaona kosa langu lilipoanzia, na tangu siku hiyo sijafungwa tena kwa njia ile.

Kujua nani anatembea vipi ilichukua jioni moja. Farasi anaruka, askofu anakwenda mshazari, askari anasonga mbele lakini anakula kwa pembeni. Hilo si gumu, hata kwa mtu mzima aliyechoka na kazi. Kilichonichelewesha ni bao lililokuwa tayari kichwani mwangu.

Kwenye bao la Kiswahili hakuna kete inayotoka mchezoni. Ukila za mwenzako unazisambaza upande wako, naye kesho yake anazila tena. Fundi anaweza kuacha shimo nono liliwe kwa sababu anajua atakavyozirudisha. Mimi nilikuja kwenye sataranji na moyo huohuo wa kutoa. Nilimwacha farasi bila ulinzi, nikijiambia nitafidia huko mbele. Hakuna kufidia. Farasi aliyeliwa anawekwa pembeni ya ubao na anabaki huko. Nilicheza karibu miezi miwili nikiwa pungufu ya kipande kimoja au viwili kila mara, bila kuelewa kwa nini nashindwa michezo niliyodhani naimudu.

Kisha ikaja siku ya suluhu. Nilikuwa na malkia na ngome, binti yangu amebaki na mfalme tu kwenye kona. Nilisogeza malkia karibu, nikamfungia kila mraba, nikanyoosha mkono kumpa pole. Akasema, "Baba, hii suluhu." Mfalme wake hakuwa amepigwa cheki, yaani hakuna kipande kilichokuwa kinamshambulia, ila hakuwa na pa kwenda. Kwenye bao asiye na pa kucheza ameshindwa, hakuna mjadala. Kwenye sataranji kukwama hivyo ni sare. Nilihakikisha, nikakuta mtoto yuko sahihi. Iliniuma kuliko vipigo vyote, maana mchezo mzima nilikuwa mbele.

Ndipo nikaacha kabisa kukariri mianzo. Watu wengi wanaoanza ukubwani huanzia hapo, wanajaza kichwa majina ya ufunguzi, na mimi naona ni kupoteza muda. Nilianza na mwisho. Kila usiku dakika 20, ubao mtupu, vipande vitatu au vinne tu. Kwanza ngome mbili dhidi ya mfalme: moja inafunga safu, nyingine inapiga cheki safu inayofuata, zinapanda kama mtu anapanda ngazi. Halafu ngome moja na mfalme wangu. Hii ilinichukua wiki mbili. Siri yake ni kungoja wafalme wawili wakabiliane, mraba mmoja katikati yao, ndipo ngome ipige cheki kutoka ubavuni. Mwenzako hana budi kurudi nyuma safu moja. Kisha mfalme na askari mmoja, na hapo ndipo nilipoupenda mchezo huu kweli. Mfalme niliyemficha tangu mwanzo sasa anatakiwa atoke, atangulie mbele ya askari wake. Akiwahi kufika safu ya sita mbele ya askari, na huyo askari akawa si wa ukingoni, ushindi ni wako hata kama zamu ni ya mwenzako.

Kuhesabu, ambako bao lilinifundisha tangu utoto, kulirudi kunisaidia kwa namna nyingine. Kabla sijala kitu nahesabu: wangapi wangu wanaushambulia mraba ule, wangapi wake wanaulinda. Wawili kwa wawili, naacha. Watatu kwa wawili, nakula, na anayetangulia awe wa thamani ndogo. Askari ni 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Nilipoanza kuhesabu hivi kila hatua, michezo ya kupoteza farasi bure iliisha karibu yote.

Binti aliporudi shule nilihamia Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji na watu mtandaoni, kwenye simu. Ni bure, haina matangazo. Kila mgeni huanzishwa na alama 1500 za kiwango, zinazopanda akishinda na kushuka akishindwa. Mimi niliporomoka hadi 870 ndani ya wiki tatu. Nilikuwa nacheza michezo ya dakika tatu, mkono unakimbia kuliko macho. Nikahamia dakika 15, sekunde 10 zikiongezwa kila hatua, mchezo mmoja tu kwa siku, na nikishindwa naandika kwenye daftari ni hatua gani iliyoniharibia. Taratibu nikaanza kuimarika.

Wiki iliyopita nilibeba ubao hadi barazani. Mzee mmoja, fundi wa bao tangu enzi za babu yangu, aliniomba nimwoneshe. Alishika haraka kuliko mimi. Baada ya hatua kumi hivi alimnyanyua malkia wake amle askari wangu aliyekuwa analindwa na farasi. Kabla hajamweka chini akavitazama vipande vilivyokuwa pembeni ya ubao, akauliza, "Mwanangu, na hawa waliokufa hawarudi tena?"

Nikamwambia hawarudi.

Akatulia kidogo, kisha akamrudisha malkia alipokuwa.