Siku yangu moja ku garaji hapa Goma: vitundu vya sudire

Saa moja ya asubui. Niko Majengo, kijana wangu wa kazi anatoa posti (mashine ya sudire, ile ya kuunganisha chuma na moto wa umeme) na kompresa, mimi naangalia anga kwanza juu mvua ya hapa si maji tupu: gesi ya salfa ya volkano Nyiragongo inaingia mu matone inakuwa asidi, njo maana mabati ya nyumba zetu inatoboka mbio. Toli ya gari, ile bati ya bodi, iko chuma vilevile. Ukiiacha wazi bila rangi usiku mmoja, asubui unakuta imeisha kuwa nyekundu.

Saa mbili Hiace ya abiria ya njia ya Ndosho–Birere inafika. Papa shofere ananiambia, "Mtoto yangu, maji iko inaingia ku miguu ya watu, na hapo nililipa tu juzi juzi wapige sudire." Natoa tapi ya chini, natoa batri (kura, ule umeme wa sudire, inaweza kuunguza kompyuta ya gari), nasugua na brosi ya chuma. Kumbe masitiki nene juu (ile dawa nzito ya kujaza na kulainisha mbele ya rangi), chini yake sudire imejaa vitundu.

Saa tatu mpaka saa sita, hapa njo kazi yenyewe. Kijana anafunika ndani na bashi kuwe giza, mimi niko chini na taa, kila mahali mwanga unapita tunaweka alama. Kuna vingine vimejificha, mwanga haupiti, hapo tunapaka chaki upande moja na mafuta ya taa upande mwingine, tunangoja, chaki ikilowa basi iko tundu. Kisha ile mafuta lazima isafishwe yote kabisa mbele ya kuwasha posti, juu vitundu vilitoka palepale: mtu alipiga sudire juu ya rangi, kutu na grisi, vikaungua vikatoa gesi, chuma ikaganda na gesi ndani.

Kijana ananiuliza, "Yaya, si tuweke tone ya sudire juu tu?" Hapana. Tone juu ya uchafu linatoa tundu lingine. Natoboa kila moja mpaka chuma inangaa, naweka kipande cha shaba nyuma (haishikane na chuma), napiga pointi moja fupi ya sudire na waya ya milimita 0,8, nahamia mbali, narudi ikiisha poa. Toli ya milimita 0,8 haitaki haraka, ukikazana inatoboka au inajikunja.

Saa sita, bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa.

Saa saba nasawazisha na mele (mashine ya kusaga chuma), kidogo kidogo, juu ukila toli yenyewe umeharibu kazi. Na watu wajue hii: zinki inachemka ku digrii 907, chuma inayeyuka ku karibu 1500, kwa hiyo pale sudire imepita, zinki yenye kiwanda ilipaka ku toli imeisha kwenda, ule mstari hauna tena ulinzi na kutu inaanzia pale. Mashimo yenye kutu imebaki napaka asidi ya fosfori, nasafisha yote, nakausha na hewa, kisha praima ya epoksi, ile ya vyupa mbili.

Mtu wa rangi anataka masitiki ianze. Tunabishana hii kila juma na sitamwachia: masitiki inanyonya maji kama sifongo, ikikaa ku chuma tupu kutu inakula chini wewe uko unaona rangi nzuri. Epoksi kwanza, masitiki juu.

Saa kumi Papa anataka gari, patro wake, mwenye gari, anangoja versema ya leo (pesa shofere anamletea kila siku). Namuelewa, watoto wanakula mu ile gari. Lakini epoksi ingali mbichi na mawingu iko inashuka. Namwomba apige simu, naongea na patro mimi mwenyewe, namweleza kesho nafunga viungo na jointi (gundi ya kuzuia maji) juu na chini, kisha nta ndani ya boksi ya chini ya mlango, bila kuziba vile vitundu vya kiwanda vya kutoa maji. Anakubali. Papa ananiachia ufunguo, anapanda pikipiki ya kurudi Ndosho.