Nilivyotunga De profundis ya sauti nne bila kinanda

De profundis ni Zaburi ya 130, "Toka vilindini", ambayo kwenye Kilatini cha zamani ni ya 129, na tumewazikia nayo watu wengi kwa Kiswahili. Nilitaka Novemba 2, siku ya Marehemu Wote, kwaya yetu ya parokia iiimbe kwa Kilatini, sauti tupu.

Neno lililonitesa ni Domine. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, nami bila kufikiri nikaweka noti ndefu juu ya "mi". Mazoezini soprano wakaimba doMIne kwa moyo wote. Padre mmoja mzee, aliyesoma seminari enzi za Kilatini, alikuwa nje akisubiri gari. Akaingia. "Mwalimu, ni DOmine." Nikamjibu, "Asante, Baba," na usiku ule nikafuta kurasa mbili. "Do" nikaipa noti ndefu yenye nukta, "mi" na "ne" zikafuata nyepesi, na pale pale wimbo ukapata kilio chake. Tangu hapo kila neno nililitamka kwa sauti kabla ya kuliandikia noti. Clamavi na exaudi mkazo wake ni kama wetu. Observaveris sivyo, unaangukia "va".

Irabu hazikutusumbua hata kidogo, kwani a, e, i, o, u za Kilatini cha kanisani ni zetu kabisa. Propitiatio tu ndiyo ilihitaji siku mbili: propitsiatsio.

Maneno yenyewe niliyachagua kwa makusudi. Vulgata ya zamani, yaani Biblia ya Kilatini, inasema a custodia matutina usque ad noctem, yaani toka zamu ya asubuhi hadi usiku. Lakini sisi tumekua na "kuliko walinzi waingojavyo asubuhi", na Nova Vulgata ya 1979 inasema hivyo hivyo: magis quam custodes auroram, mara mbili. Nikachukua hiyo. Hapo besi wanashika do ya chini, noti moja tu, kama mlinzi lindoni, na sauti nyingine tatu zinapanda juu yao taratibu.

Do hiyo ndiyo iliyotushusha. Kila mazoezi tulimaliza karibu tone nzima chini ya tulipoanzia, maana noti inayoshikwa muda mrefu huteleza pumzi inapochoka. Nikawagawa besi wapumue kwa zamu, hakuna wawili walio jirani wanaovuta pumzi pamoja. Soprano nikawaambia kila noti ya mi waiwaze juu kidogo. Mwisho nikaupandisha wimbo wote nusu tone. Kwenye ufunguo ule mpya sauti zilikaa vizuri zaidi.

Novemba 2 tuliimba baada ya Komunyo. Auroram ya mwisho ilipokwisha, mpiga kinanda wetu, aliyekaa kimya wimbo mzima, alipunguza sauti ya kinanda hadi karibu isisikike, akabonyeza do kwa kidole kimoja. Besi walikuwa pale pale.