Zamu ya Kuatamia

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Neno letu wiki hii ni Wagalatia 6:2: "Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo." Tulisome huku tukimtazama ndege mmoja, maana Bwana mwenyewe alisema, "Waangalieni ndege wa angani."

Albatrosi mkubwa, yule mweupe ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 3, huzaliana kwenye visiwa vya baridi kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, kama vile Crozet. Hutaga yai moja tu, na akifanikiwa kulea kinda hukaa mpaka mwaka wa pili ndipo atage tena. Yai huatamiwa siku 78 hivi, dume na jike wakipokezana. Aliye zamu hali kitu. Mwenzake yuko baharini akitafuta ngisi, na watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 1990 kwamba safari moja ya namna hiyo huwa kati ya kilomita 3,600 na 15,000.

Mtazame basi aliyebaki. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, upepo unampiga, mafuta ya mwilini yanapungua, naye bado amelilalia yai. Lakini mwili una kikomo. Akiba ikimwishia huinuka akaenda baharini, la sivyo atakufa pale pale. Yai linabaki wazi, na ndege wadokozi hawachelewi. Nani atathubutu kusema huyu hakuwa na upendo?

Na yule asiyerudi? Wengine wamechelewa tu. Wengine wamedaka chambo kwenye mishipi mirefu ya meli za kuvua jodari, ndoano ikawanasa, wakazama. Aliye kiotani hana habari.

Tabia nazo zinatofautiana. Huko Crozet watafiti humsogelea ndege aliyeatamia na kuandika anachofanya: mmoja hatikisiki, mwingine anainua kichwa, mwingine anasimama kabisa. Mwaka 2022 walieleza kwamba madume waoga huachana na wenzi wao mara nyingi zaidi kuliko majasiri, na wanadhani ni kwa sababu dume mwoga akivamiwa na mshindani hujiondoa badala ya kupambana. Hili limenigusa sana. Sisi nyumba ikivunjika tunaanza kumtafuta mwovu, kumbe pengine pana mtu mnyonge wa moyo aliyerudi nyuma mapema, na hakuna aliyesimama naye.

Albatrosi hana wa kumpokea ila mwenzi wake. Jirani wa kiota cha pili hatakuja kulilalia yai lisilo lake. Hapo ndipo Kristo ametupa sisi kitu ambacho ndege hana, kwa sababu Paulo hakuwaandikia mume na mke peke yao, aliyaandikia makanisa. Mzigo wa mama ambaye mumewe alikwenda machimboni na simu haipatikani ni mzigo wetu. Wa binti anayemuuguza mzazi wake tangu mwaka jana, hali kadhalika. Tunapokutana naye mlangoni tunamwambia, "Dada, una moyo kweli, Mungu akutie nguvu," kisha tunakwenda zetu. Wapendwa, pongezi hazimpi mtu usingizi. Naye akichoka kabisa akainuka, tunakuwa wa kwanza kusema amemtelekeza mgonjwa.

Basi jumuiya zetu zikikutana wiki hii, kabla ya sadaka na matangazo, tuulizane kwa majina: nani kati yetu anakesha peke yake? Apangwe mtu wa Jumamosi. Aende jioni na kanga yake ya kujifunika, aelekezwe dawa ziko wapi na zinatolewa saa ngapi, ampokee mgonjwa, na mwenye zamu akaoge, ale chakula cha moto, alale mpaka kukuche. Jumamosi inayofuata aende mwingine.