Cadenza

Hapa Padova watu wameanza kuniambia nina "cadenza veneta", yaani Kiitaliano changu sasa kinapanda na kushuka kama cha wenyeji wa mkoa wa Veneto. Nimechekelea mno, jamani!

Ila neno lenyewe lina mambo. Juzi nimelikuta kwenye jarida linalotoka "a cadenza mensile", kila mwezi. Mwendo wa hatua za askari kwenye gwaride ni cadenza. Kasi ya kukanyaga pedali za baiskeli, cadenza tena.

Utamu hasa uko kwenye muziki. Kuna ile namna muziki unavyotua mwisho wa kifungu, maana asili ya neno ni kuanguka. Halafu kuna pale okestra inaponyamaza, mpiga piano au fidla akaachiwa uwanja peke yake aoneshe ufundi. Zamani wengi walibuni papo hapo. Mtunzi Beethoven hakutaka: kwenye konseto yake ya tano ya piano, yaani utungo wa piano ikisindikizwa na okestra, aliyoitunga mwaka 1809, aliandika kwa Kiitaliano kwamba hapa hakuna cadenza, endelea moja kwa moja. Nadhani aliwajua wapiga piano na makeke yao.