Sikio la mwalimu wa kwaya katika msitu wa Pugu

Ninafundisha kwaya hapa Dar es Salaam, na ninaamini kwamba mtu aliyezoea kuitenga sauti ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, ndani ya wimbo mmoja tayari ana sehemu kubwa ya ujuzi anaouhitaji mtafiti wa sauti za mazingira. Alfajiri, katika msitu wa Pugu ulioko Kisarawe, husikiliza kama ninavyosikiliza mazoezini: nani yuko chini, nani yuko juu, na nani anaingia mwenzake anaponyamaza. Nyenje hushika juu bila kupumzika, njiwa hukaa chini, na shore hupita katikati kwa vifungu vifupi vilivyo wazi.

Bernie Krause, mwanamuziki wa Marekani, alijenga nadharia juu ya jambo hili hili, kwamba viumbe walioishi pamoja muda mrefu hugawana masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na nyakati ili kila mmoja asikiwe na wenzake. Wanabiolojia bado wanaijadili nadharia hiyo, lakini rekodi zake zina uzito wa pekee. Mwaka 1988 alirekodi sauti za Lincoln Meadow, katika milima ya Sierra Nevada huko California, kabla ya baadhi ya miti kukatwa. Aliporudi mwaka uliofuata, macho hayakuona badiliko kubwa, ilhali katika rekodi mpya sehemu kubwa ya sauti za ndege ilikuwa imetoweka.

Pengo kama hilo huonekana kwenye spektrogramu, mchoro ambao muda huenda kutoka kushoto kwenda kulia na masafa hupanda kutoka chini kwenda juu. Msomaji wa nota huuelewa haraka, mradi akumbuke kwamba kila oktava huyaongeza masafa mara mbili, kutoka hezi 440 hadi 880. Hata kasi ya mapigo ina maana yake: mwaka 1897 Amos Dolbear, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha maelezo ya jinsi nyenje wanavyoharakisha mlio joto linapopanda.

Jijini hali ni nyingine, kwa kuwa injini za Barabara ya Morogoro hujaza masafa ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Leiden, Uholanzi, ulionyesha kwamba ndege wadogo wa aina moja wanaoishi penye kelele nyingi huepuka noti za chini. Je, shore wa Ubungo huimba juu kuliko wale wa Pugu? Natamani sana wanafunzi wetu wa sekondari walichunguze swali hili, muziki na fizikia vikifundishwa pamoja, kwa kurekodi saa ileile katika sehemu zote mbili, kwa simu ya aina moja, na kuandika tarehe na hali ya hewa. Kabla ya kuufungua mchoro, kila mmoja aandike kwanza alichokisikia kwa sikio lake, kisha alinganishe.