Ukipangiwa wodi ya njiti, njoo na kalkuleta

Watu wakisikia niko wodi ya watoto wachanga mahututi wananiambia aah hongera, wewe kazi yako kubeba vitoto tu. Asikwambie mtu. Humu ndani kubeba kwenyewe ni kwa nadra, mtoto akiwa kwenye mashine unamgusa kwa ratiba, na muda mwingine wote ni namba.

Nimemaliza intaniship, leseni ya baraza la wauguzi nikaipata, ajira ikanipeleka hospitali ya rufaa ya mkoa, nikaripoti kwa matroni nikijua ananipeleka wodi ya wazazi maana ndiko nilikozoea. Akanitazama tu akasema wewe mikono yako midogo, nenda kwa njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati. Ndo nikaenda.

Sasa chuoni hesabu za dawa tulizifanya kwa mgonjwa wa kilo 60. Huku mgonjwa ana gramu 1,200. Chukua jentamaisini, ampuli ni miligramu 80 kwenye mililita 2. Njiti wa wiki ya kwanza tunampa miligramu 3 kwa kila kilo mara moja kwa siku, kwa hiyo huyu wa kilo 1.2 anatakiwa miligramu 3.6, na ukitaka kuivuta moja kwa moja kutoka kwenye ampuli unakuta ni mililita 0.09. Hiyo utaipimaje kwenye sirinji ya kawaida? Haipimiki, nyingine inabaki hapo shingoni kwenye sindano. Basi unavuta mililita moja ambayo ina miligramu 40, unaongeza maji ya sindano mililita tatu, hapo kila mililita inakuwa na miligramu 10, halafu kwa sirinji ile nyembamba ya mililita moja unavuta 0.36. Nukta ikihama hatua moja tu mtoto kapata dozi mara kumi, na dawa hii ikizidi inapiga figo na masikio.

Ndo maana kwetu dawa haitoki mezani mpaka watu wawili wamepiga hesabu, na wa pili anapiga ya kwake mwanzo mwisho bila kuchungulia ya mwenzie. Nilidhani hiyo ni kwa ajili yetu sisi wageni, kumbe sista mkubwa kabisa wa wodi, mama ambaye nusu ya manesi wa hapa kawafundisha yeye, naye anaita, "Mwanangu, hebu njoo unihesabie hii." Nikimpa jibu analinganisha na lake, tunasaini wote, hana habari na nani ana cheo gani. Mimi hiyo ilinishusha presha kuliko semina yoyote.

Namba ya pili ni joto, 36.5 mpaka 37.5. Njiti hana mafuta chini ya ngozi na hawezi kutetemeka kama sisi tukisikia baridi, akipoa anachoma sukari na oksijeni kutafuta joto, kwa hiyo unakuta mtoto kapoa, ukipima sukari nayo imeshuka, na kupumua kunaanza kusumbua, vyote chanzo kimoja. Kila ukifungua dirisha la inkubeta umemtolea joto. Kwahiyo unajifunza kukusanya kazi, ukifungua unapima joto, unabadilisha nepi, unamgeuza, unampa maziwa, unafunga, siyo kila dakika mkono ndani. Maziwa yenyewe ni mililita 12 kila baada ya masaa matatu, yanapita kwenye mpira wa puani kwenda tumboni, unachomoa ile pampu ya sirinji unaishika juu yateremke yenyewe taratibu. Ukiwa na haraka ndo utaona mililita 12 ni nyingi kiasi gani.

Halafu oksijeni. Mtu mzima ukiona 100 kwenye kile kimashine cha kidoleni unafurahi, huku mtoto aliye kwenye oksijeni akisoma 100 unapunguza. Tunataka 90 mpaka 95, ikizidi inaharibu mishipa ya macho ambayo bado inakua. Stevie Wonder alizaliwa 1950 kabla ya wakati, akawekwa kwenye inkubeta yenye oksijeni nyingi, na ndo habari ya macho yake hiyo.

Alamu sasa. Zile alamu mwanzoni zilikuwa zinanifuata mpaka nyumbani, nasikia friji inalia najikuta nimesimama. Usiku mmoja ikalia, mimi macho yote kwenye skrini naangalia oksijeni 70, 68, sista kashafika kitandani, hajaitazama skrini hata kidogo, kaangalia kifua hakinyanyuki, kamsugua unyayo kwa kidole, mtoto akakunja uso, akavuta hewa, rangi ikarudi mdomoni. Akanyoosha kichwa chake vizuri, akakagua vile vimirija vya puani na chupa ya maji ya sipapu, ile mashine ya kumsukumia hewa mapafu yasinywee, kama mapovu bado yanatoka, ndo akaniambia "andika saa ngapi na ilichukua sekunde ngapi, ikifika ishirini au akibadilika rangi daktari aambiwe." Sauti ileile anayotumia kuagiza chai.

Ila kitu ninachokiwaza zaidi sa hivi ni akina mama. Huduma ya kangaruu, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá kule Colombia mwaka 1978 kwa sababu inkubeta hazikutosha, na miaka mingi ilikuwa inasemwa subiri mtoto atulie kwanza ndo apelekwe kwa mama. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa WHO, Shirika la Afya Duniani, uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, watoto wa kilo moja mpaka chini kidogo ya 1.8, wale waliowekwa kifuani mapema bila kusubiri watulie vifo vilipungua kwa asilimia 25. Mwaka uliofuata WHO wakabadilisha mwongozo. Sasa mimi natoka chuo na hayo kichwani nafika wodini nakuta mama analala jengo lingine kabisa! Anakuja kila masaa matatu na kikombe cha maziwa aliyokamua, wengine wana mshono wa juzi, anatembea kwenye korido usiku ameshika ukuta, anakabidhi kikombe, anachungulia kwenye kioo, anarudi. Jengo lilijengwa kama vile mama ni mgeni wa kuja kusalimia.

Juzi mmoja, mdogo kabisa, nikamwambia kaa hapa nikupe mtoto. Akarudi nyuma. "Dada, si atavunjika?" Nikamwambia havunjiki mama, wewe fungua vifungo hapo mbele. Kofia, nepi, soksi, basi, nikamlaza katikati ya matiti kama chura, shavu upande, nikafunga na kitenge kikambana vizuri. Bibi wa mtoto akawa mlangoni analalamika mtoto yuko uchi na baridi hili. Shikamoo bibi, subiri kidogo. Kabla hatujaanza alikuwa 35.8, baada ya saa moja 36.7, nikamsomea bibi namba kwa sauti, akasema haya, na mimi nitamshika mama yake akienda kula.

Inchaji amekubali tujaribu vitanda viwili vya mama upande wa dirishani, mbali na mlango unaopitisha upepo. Tulichokwama ni usiku, maana zamu ya usiku tupo manesi wawili kwa wodi nzima na mama aliyetoka upasuaji leo naye anahitaji wa kumtazama presha na mshono, na wodi ya wazazi wanasema akishavuka mlango wetu ni mgonjwa wetu. Kama mnakofanya kazi mama analala ndani, niambieni nani anamhudumia yeye saa nane za usiku, manesi wa njiti au mkunga anakuja na kurudi?